Mipigo Kumi na Saba ya Torleiv

Mvua ilitukuta tukiwa bado na kilomita arobaini mbele yetu. Torleiv Bruås, aliyekuwa akiendesha, alikataa kuwasha waipa hadi barabara ilipofutika kabisa.

"Zinakula betri," alisema.

Gari lake lilinuka kahawa ya jana na sufu iliyolowa. Juu ya paa kulikuwa na vyuma viwili vya kubebea mizigo, vitupu, vinavyopiga mluzi kila upepo ulipotokea ubavuni. Nyuma alikaa Ornella Furlan, mjane wa miaka sabini na mmoja kutoka Trieste, mkoba wake mapajani kana kwamba yuko kwenye foleni ya benki. Alikuwa ameniajiri kwa siku sita nimtafsirie, maana hajui Kinorwe hata neno moja, na Torleiv Kiitaliano alichokijua kiliishia kwenye majina ya vyakula. Mumewe Ornella ndiye aliyelipia wiki hii ya kuvua samoni. Alilipa Januari, akafa Machi, na fedha hazirudishwi.

"Nikaona nije mwenyewe," aliniambia kwenye treni, "kuliko kuwaachia hawa wiki ya bure."

Mimi nimeishi nchi hii miaka kumi na minne, katika mji wa pwani ambako samoni hufika akiwa amekwisha kukatwa vipande. Bonde la mto Skjelda nilikuwa nalisikia tu. Nililotarajia kuliona lilikuwa nyuma ya mvua.

"Muulize kama kuna samaki," Ornella alisema.

Torleiv alinitupia jicho. "Anataka ukweli au yale ya kwenye tangazo?"

"Ukweli."

"Hakuna. Kiangazi cha mwaka juzi pale Kilindi cha Mchungaji niliwatoa wanane. Mwaka jana sikupata hata mmoja. Mwaka huu hii ni wiki ya nne, na bado sijapata hata mmoja."

Nilimtafsiria. Ornella akacheka, akaegemea kiti. "Afadhali! Harufu ya samaki inanichefua. Mwambie asijisumbue kwa ajili yangu."

Torleiv aliyapata hayo, akaendelea kuendesha. Tulipita daraja, tukapita duka la mafuta lililofungwa.

"Mwambie," alisema mwishowe, "sijisumbui kwa ajili yake."

Maana ya jibu hilo niliijua jioni ile ile. Mwenye shamba, Ragnfrid, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye mabega ya mtu anayenyanyua ndama, alitupokea uani akiwa na buti za mpira. Kabla hata ya kumsalimia Ornella alisema, "Torleiv. Jumamosi."

"Najua Jumamosi."

"Sisemi kwa ubaya."

"Najua husemi kwa ubaya."

Alipokuwa akinipeleka nitakapolala, Ragnfrid alinieleza. Wageni hulipa ili wapigiwe makasia juu ya Kilindi cha Mchungaji, na wageni wawili wa msimu uliopita walikwenda wakaandika kwamba kilindi kimekufa. Kama wiki hii nayo ingepita bila samaki, angeacha kabisa kutumia mashua. Angewauzia watu nafasi za kusimama ukingoni na kurusha mishipi wenyewe, na Torleiv, baada ya miaka arobaini na sita katika kiti kile, asingekuwa na kazi.

"Nimemwambia mapema ili asije akasikia dukani," alisema. "Anasema mto umechoka. Mimi naogopa ni yeye. Na yeye, nadhani, anaogopa hilo hilo."

Nililazwa kwenye ghala la zamani la nyasi kavu, la magogo, ng'ambo ya mto peke yake katikati ya konde. Ragnfrid alikuwa ameweka humo vitanda viwili na jiko la chuma. Lilinuka nyasi ambazo hazimo tena.

*

Kazi ya Torleiv ni rahisi kuieleza, na nimeona watu wakitoka jasho kwa kuitazama tu. Mashua ni nyembamba na ndefu, ya mbao, na omo lake huelekezwa juu, mkondo unakotoka. Mpiga makasia hukaa katikati akitazama chini mto unakokwenda. Haendi popote. Anavuta kwa nguvu ya kutosha tu kuuzuia mto usimchukue, na huku akiinamisha mashua kidogo, anateleza kimshazari kutoka ukingo mmoja kuelekea katikati, kisha anageuza na kurudi. Kila mzunguko anauruhusu mto umshushe urefu wa mashua moja. Nyuma, fito tatu zimeegemezwa, na mishipi yake yenye vyambo vya manyoya inaburuta mita thelathini chini, ikifagia maji kushoto na kulia. Mgeni hukaa tezi na kazi yake ni kungoja. Yote mengine ni bega la mpiga makasia. Mizunguko sitini kwa siku, siku sita kwa wiki, majuma kumi na mawili kwa kiangazi.

Mimi nilikaa omoni, nyuma yake, kwa hiyo mgongo wa Torleiv niliujua kabla ya uso wake. Sweta yake ilikuwa imetobolewa na miiba ya ndoana. Katika bega la kulia, kila alipovuta, kitu kilikuwa kikilia kama bawaba ya kabati. Na alihesabu. Hakuhesabu kwa sauti, ila katika mashua tulivu hata pumzi ina maneno. Kutoka maji matulivu ya upande wa konde alianza moja, akaenda hadi kumi na saba, akageuza.

"Kila mara kumi na saba?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Siku hizi ndiyo." Kwa mara ya kwanza nilisikia furaha kidogo katika sauti yake. "Zamani zilikuwa ishirini na mbili. Ishirini na mbili za baba yangu, na zangu pia. Halafu bega likafa. Nikapasuliwa hospitali ya mjini majira ya baridi ya mwaka juzi, nikakaa huko na kwenye mazoezi hadi Mei. Nilivyorudi, kumi na saba zinatosha! Yule daktari ni kijana mdogo, ana kipini puani, lakini alinipa bega la mtu wa miaka thelathini."

"Sasa mbona linalia?"

"Linalia, lakini linafika."

Nilipomtafsiria Ornella alimtazama Torleiv usoni, maana wao wawili walitazamana kutwa nzima bila kuwa na lugha. "Ana uso wa mtu anayebeba piano ngazini," alisema. "Usimwambie."

"Amesemaje?" Torleiv aliuliza.

"Anasema hongera."

"Muongo wewe. Nimetazama nyuso za wageni kuliko kinyozi yeyote. Najua uso wa hongera."

Na kweli alikuwa amezitazama. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, siku ambayo mgongo wa baba yake ulikataa kunyooka. Majira ya baridi aliendesha gari la kusukuma theluji, na kiangazi aliketi mtoni. Alimpigia makasia Mswidi aliyemchumbia mwanamke mle mashuani saa mbili asubuhi. Mwanamke akakataa, na zamu yao ilikuwa inaisha saa nane mchana. Torleiv alisema hakuwahi kuona watu wawili wakitazama vyambo kwa bidii vile. Alimpigia Mjerumani aliyelia kama mtoto kwa ajili ya samaki aliyekata mshipi, na jioni Mjerumani huyo akampigia simu mama yake kumweleza. Mwingereza mmoja alilala mashuani miaka tisa mfululizo, kila Julai, hakuvua kitu, na kila mwaka alimshukuru kwa machozi. "Huyo ndiye niliyempenda," Torleiv alisema. "Alijua alichokifuata."

Ila wakati mwingi hakusimulia. Alivuta. Jumatatu ilipita, Jumanne ikapita. Visubi vilitoka mvua ilipokatika, vikajaa masikioni. Tulikunywa kahawa, tukala mkate na jibini la kahawia, tukarudi mtoni, na mishipi ikaendelea kufagia maji matupu. Uchovu wa mahali pale haukuwa wa kukimbizana na kitu, ulikuwa ule wa kubaki palepale kwa nguvu zako zote. Jioni nikishuka mashuani magoti yangu yalikuwa mazito, na mimi sikuwa nimefanya lolote.

Ornella, asiyetaka samaki, ndiye aliyekuwa na amani. Alifuma soksi. Torleiv alimtazama akifuma, akatazama ncha za fito zilizotulia nyuma ya kichwa chake, akatazama juu ya kichwa hicho hadi ng'ambo, ambako alikuwa na alama zake. Nilijua zipo kwa kuwa macho yake yalirudi hapo kila mara kabla hajageuza. Nilipomuuliza anatazama nini, alikunja uso.

"Hayo hayaulizwi."

"Hata Ragnfrid hajui?"

"Ragnfrid hasa. Babu yake alimuuliza babu yangu, akaambiwa atazame maji yake. Maji ni ya shamba, mashua ni ya shamba, samaki ni wa shamba. Alama ni za mpiga makasia. Ukimpa mwenye shamba alama, amebaki na haja gani na wewe? Ni alama tu na makasia. Kila vuli mpiga makasia anayekusudia kurudi huyaacha makasia yake kwenye banda la mashua. Asiyerudi huondoka nayo. Hatuna mkataba mwingine."

*

Jumatano saa nne tulikaa kwenye changarawe upande wa nyumba tukinywa kahawa. Jua lilikuwa limetoka. Ornella alitaka kujua kama nililala vizuri huko ghalani peke yangu, nikasema usingizi ulinichelewa, nikawa nahesabu namba.

"Namba gani?" alisema Torleiv. Nilikuwa nimelijibu swali la Ornella kwa Kinorwe bila kutambua.

"Zilizo kwenye magogo. Kila gogo lina kibati kidogo chenye namba na herufi. Moja N, mbili N, tatu N, mpaka juu. Nadhani N ni nord, kaskazini."

"Vibati vya zamani?"

"Vinang'aa."

Aliweka kikombe chini, akakisukuma taratibu mbali na mguu wake. Kisha akaligeukia ghala lililokuwa ng'ambo, la kijivu, lenye paa la majani, akalitazama kwa muda ambao Ornella aliweza kumaliza safu nzima ya soksi.

"Magogo hupigwa namba yakifumuliwa," alisema. "Ili yakijengwa upya kila moja lirudi palepale." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua kwa mara ya pili. "Ragnfrid aliniambia wamelitengeneza. Alisema, ghala tumelitengeneza. Nikasema vizuri."

Alituvusha bila kuhesabu. Upande wa pili alipanda ukingo akishika majani, tukamfuata. Mafuriko ya ile vuli alipokuwa akisubiri kupasuliwa yalikuwa yamemega ukingo kama mtu anavyomega mkate, na karibu na mmego huo, ndani ya nyasi ndefu, Torleiv alikuta anachokitafuta: jiwe kubwa lililochongwa bapa, kisha jingine. Yalikuwa mawe ya msingi, na hayakuwa na kitu juu yake. Alisimama kwenye la kwanza akapiga hatua kulielekea ghala. Hatua saba.

"Saba," alisema. Akarudi, akaketi juu ya jiwe.

Mwishowe Torleiv alinyoosha mkono kuelekea mnara mweupe wa kanisa, mbali chini ya bonde.

"Nakuambia kwa kuwa sasa haina kazi," alisema. "Unatoka upande huu kwenda katikati. Mnara unaonekana. Pembe ya ghala ikiufunika mnara, umefika. Chini yako kuna jiwe, na nyuma ya jiwe ndiko wanakolala. Hapo unageuza. Ukizidi, mkondo wa katikati unakushika na kukupeleka kwenye maporomoko. Baba alizidi mara moja tu, na mashua ilipatikana vipande. Kwa hiyo hatuzidi. Hata siku moja sijawahi kuzidi." Alikwaruza ukoga wa jiwe kwa ukucha. "Ghala limerudi nyuma hatua saba. Pembe inaufunika mnara mapema. Nimekuwa nageuza kabla sijafika. Viangazi viwili, mizunguko sitini kwa siku."

"Kwa hiyo samaki wapo," nilisema.

Hakuonekana kunisikia. "Kumi na saba," alisema. "Nilimpelekea yule daktari kadi ya Krismasi."

Nilimtafsiria Ornella yote, polepole. Nilipofika kwenye daktari na kadi aliweka soksi yake mkobani.

"Mwambie," alisema, "kesho nataka samaki."

Nikamwambia. Torleiv alimtazama kwa mashaka. "Si harufu yao inamchefua?"

"Mwambie nitaziba pua."

*

Alhamisi asubuhi mto ulikuwa umeshuka kidogo na rangi yake ni ya chai isiyo na maziwa. Torleiv hakuwa amelala, kope zake zilisema hivyo. Alimvalisha Ornella jaketi la kuokolea akakaza mikanda yake mara mbili, kisha akanikazia mimi.

"Leo nazidi," alisema. "Mkiniona nimenyamaza, nyamazeni."

Kumi na saba zilikuja kama kawaida. Pembe ya ghala iliufunika mnara. Mikono yake, nilivyoiona kutoka nyuma, ilikwisha kuanza kugeuza yenyewe, kasia la kulia likainuka, likabaki hewani likidondosha maji. Kisha akalishusha na kuvuta mbele. Kumi na nane. Kumi na tisa. Maji chini yetu yalibadilika sauti, kutoka mnong'ono kuwa mngurumo wa chini kwa chini, na omo nililokalia likaanza kutetemeka. Ishirini. Bega likalia bawaba yake. Ishirini na moja. Jasho lilitiririka nyuma ya shingo yake likaingia kwenye sweta. Ishirini na mbili, na hapo mkondo wa katikati ulitugusa, nikauhisi ukiishika mashua kama mkono unavyoshika bega, na Torleiv akavuta dhidi yake, akavuta tena, akaizuia hapo. Mishipi ilipita ikifagia mahali ambapo haikuwa imepita kwa viangazi viwili.

Ufito wa katikati uliinama mpaka ncha ikagusa maji, na kigurudumu chake cha kukunjia mshipi kikapiga kelele.

"Anashika!" Torleiv alisema. "Mwambie ashike!"

"Shika!" nilimwambia Ornella kwa Kiitaliano.

"Nimeshika! Unavuta! Muulize nifanye nini, unavuta!"

"Anasema anavuta."

"Naona anavuta! Mwambie amwache avute. Asikaze. Asikaze!"

"Usikaze!"

"Nani amekaza? Mwambie asinipigie kelele, mimi ni mjane!"

"Anasemaje?"

"Anasema sawa."

Torleiv alirudisha mashua upande wa konde kwa mipigo ambayo hakuihesabu, akaruka majini hadi kiunoni, akatushikilia. Nusu saa nzima Ornella alisimama kwenye changarawe visigino vimezama, akipokea amri zilizomfikia kila mara zikiwa zimechelewa kidogo, na akizitukana. Samaki aliruka mara mbili. Mara ya pili tulimwona wote, mrefu kama mtoto wa miaka mitano, mweupe wa chuma, na Torleiv akatoa sauti ambayo haikuwa ya lugha yoyote ninayoijua.

Alikuwa jike. Katika mto ule majike hurudishwa. Torleiv alimwondoa ndoana ndani ya wavu bila kumtoa majini, akamshika mkia kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, kichwa kikielekea juu ya mto, akamngojea apate pumzi.

"Kilo kumi na moja," alisema. "Labda kumi na mbili."

Ornella alipiga magoti majini na sketi yake, akamgusa mgongo kwa kidole kimoja. Hakuziba pua. Alimwambia samaki neno ambalo sikuulizwa kulitafsiri. Kisha mkia ukapiga, na mikononi mwa Torleiv hakukuwa na kitu.

Alijaribu kusimama akashindwa. Mkono wa kulia ulining'inia. Tulimshika huku na huku tukamkalisha kwenye changarawe, na Ornella akamfunga bega kwa mtandio wake, kwa ufundi, maana mumewe alikuwa ameugua muda mrefu. Baada ya saa moja Torleiv alitaka turudi. Tulirudi. Alifika kumi na tisa, akageuza. Akajaribu tena. Kumi na nane.

"Basi," alisema.

*

Ragnfrid alikuja mbio kutoka zizini. Alikuwa ameona samaki akiruka.

"Wamo! Kumbe wamo!" Alimpiga Torleiv begani, lile baya. "Basi yamekwisha, mzee. Mwakani na mwaka unaofuata, kiti ni chako."

"Ulihamisha ghala," Torleiv alisema.

"Ghala?"

"Hatua saba."

"Ukingo ulikuwa unamegeka, ulitaka liende na mto? Si nilikwambia?"

"Ulisema mmelitengeneza."

"Kulihamisha si kulitengeneza?" Kisha akaligeukia ghala, akaugeukia mnara, akamgeukia Torleiv. Hakuwa mjinga. Niliona uso wake ukipiga hesabu. "Hapana. Usiniambie. Ghala langu ndilo alama yako?"

"Ni alama ya babu yangu."

"Miaka yote! Ungefungua mdomo mara moja, nisingeligusa hata ubao!"

"Ningefungua mdomo ningekuwa nimekupa mto."

"Mto ni wangu, we mzee! Hati ninayo kabatini!"

Walitazamana. Ornella aliniuliza wanagombana nini, nikasema wanagombania ghala, akasema kwao pia hugombania maghala. Halafu Ragnfrid akaanza kucheka, akaketi kwenye ukingo wa mashua, na Torleiv akacheka naye kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, mkono wake mtandioni.

"Haya," Ragnfrid alisema akijifuta macho. "Tuweke nguzo pale pembe ilipokuwa. Na wewe ukae kitini mwako."

"Nguzo tuiweke," alisema Torleiv. "Ila kiti, hapana."

"Umeshampata samaki. Tulisema Jumamosi, leo ni Alhamisi."

"Nimempata kwa ishirini na mbili. Nilifika huko mara moja, mara ya pili nilishindwa. Kwa siku ni mara sitini." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja saa. "Nilidhani mto umechoka. Halafu nikadhani nimechoka mimi, lakini bega ni zima. Kumbe mto mzima, na bega langu ni la kumi na saba. Liliniambia. Kila mara tulipogeuza mapema lilishukuru, na mimi sikuliuliza kwa nini."

Ragnfrid aliinuka, akarudi zizini.

Ijumaa hatukuvua. Torleiv alikata mti mwembamba wa mbetula, akaumenya gome hadi ukawa mweupe, akausimamisha juu ya lile jiwe la msingi na kuukandamizia mawe. Kisha akamwambia Ragnfrid aingie mashuani akae katikati, na yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na sita, akakaa tezi mahali pa mgeni. Ornella nami tulitazama kutoka ukingoni. Sauti zao zilitufikia juu ya maji.

"Nguzo ikiufunika mnara."

"Naona."

"Huoni, unanitazama mimi. Tazama nyuma ya sikio langu."

"Sikio lako kubwa, limefunika kanisa."

"Vuta basi, vuta, usipige maji makofi."

Ragnfrid alifika kwa mipigo ishirini na tisa, na alitukana kuanzia wa kumi. Alipofunga kamba, viganja vyake vilikuwa vimechubuka, akavitia majini.

Jumamosi asubuhi Torleiv alikuja kumchukua Ornella kumpeleka stesheni. Ornella alimpa soksi alizofuma, za rangi ya machungwa. Torleiv alizigeuza mkononi.

"Mwambie zinafaa," alisema, kisha akanizuia. "Hapana. Mwambie vizuri."

Nikamwambia vizuri.

Halafu aliingia kwenye banda la mashua akatoka na makasia. Ragnfrid alikuwa kwenye mlango wa zizi, akamwona, akasimama.

"Hayo si ungeniachia mimi?"

"Mikono yako mifupi. Haya yatakuvunja mgongo. Mwambie seremala akukatie ya kwako, pungufu kiganja kimoja."

Aliyafunga kwenye vyuma vya juu ya gari kwa kamba, kwa mkono mmoja, na hakutaka kusaidiwa. Ncha zilichomoza nyuma ya gari, akazifunga kitambaa chekundu ili wenye magari mengine waone. Vyuma havikupiga mluzi tena. Ornella aliketi mbele safari hii. Hawakuwa na mtu wa kuwatafsiria njia nzima, wala hawakuonekana kujali.

Basi langu la kwenda kaskazini lilikuwa Jumatatu. Nilivuka daraja kurudi ghalani, nikafungua mlango ili hewa iingie, nikakaa kizingitini. Kutoka pale barabara huonekana sehemu mbili tu, kwenye kona ya kanisa na tena juu ya kilima. Nililiona gari kwenye kona ya kanisa, na kitambaa chekundu. Kwenye kilima sikuliona, kwa kuwa Ragnfrid alikuwa amesukuma mashua majini peke yake na nilikuwa nikimtazama. Alikuwa ameazima makasia mazito ya jirani yasiyomfaa, na kwa mbali nilisikia akihesabu.